Nge wa Torino: safari ya fundi wa sailensa

Alhamisi, Lingotto

Metro ya Torino haina dereva. Ukiwahi siti ya mbele unabaki wewe na kioo, handaki lote linakujia usoni. Shemeji, ambaye ndiye mwenyeji wangu na amekaa mji huu miaka mingi, haoni ajabu tena. Alikuwa na simu yake. Mimi nilikuja Italia kwa harusi, harusi ikaisha, nikaomba niachiwe siku chache nizungukie kitu kimoja: vile vigari vya Fiat 500 vyenye nembo ya nge, yaani Abarth. Kwetu Malindi nachomelea ekzosi na sailensa, na Kiitaliano changu cha kubangaiza nilikipata gereji, kwa wateja Waitaliano wenye nyumba zao ufukweni. Mmoja wao kila akiniletea kazi alikuwa akisema fundi wa sailensa akijituma anaweza kuwa Abarth. Nilidhani ananikejeli.

Tukashuka Lingotto. Hiki ni kiwanda cha zamani cha Fiat, ghorofa tano, refu hadi ukitazama upande mmoja huoni linapoishia. Ujenzi ulianza 1916, kikazinduliwa 1923, michoro ikiwa ya mhandisi Giacomo Mattè-Trucco. Vyuma viliingia chini, gari likaungwa huku likipanda ghorofa kwa ghorofa, likaja kukamilika juu ya paa, na huko juu likakuta barabara ya majaribio ya zaidi ya kilomita moja yenye kona mbili zilizoinuliwa kama bakuli. Kazi ilisimama 1982. Baadaye msanifu Renzo Piano akaligeuza jengo kuwa maduka, hoteli na kumbi. Tangu 2021 paa limekuwa bustani, mimea 40,000, na wameiita La Pista 500. Tulitembea pale walipokuwa wakikimbiza magari, nyuki wakizunguka maua. Shemeji akasema, “Huko nyumbani kwenu mngekuwa mshajenga lojingi.” Sikumjibu.

Huko huko juu kuna jumba dogo la maonyesho, Casa 500, na ndilo lililonileta. Mwenye sifa zote pale ni Dante Giacosa, mhandisi aliyeanza na 500 ya kwanza ya 1936, ile waliyoibandika jina la Topolino, kisha tarehe 4 Julai 1957 akatoa Nuova 500. Urefu wake haufiki mita tatu: 2.97. Injini iko nyuma, silinda mbili, inapozwa kwa upepo, ujazo wa sentimita 479 za ujazo, nguvu za farasi 13. Mwendo wake wa mwisho kabisa ulikuwa kilomita 85 kwa saa, na bei lira 490,000. Taifa zima lilikuwa juu ya skuta, baba mbele, mama nyuma, mtoto katikati. Fiat ikawaambia shukeni, paa hili hapa.

Kisichosemwa sana ni kwamba mwanzoni watu hawakukinunua. Kilikuwa kitupu mno. Siti ya nyuma haikuwa siti, ilikuwa ubao tu. Kabla mwaka haujaisha Fiat ikalazimika kutoa matoleo mengine yaliyoboreshwa na yenye nguvu kidogo zaidi. Halafu mambo yakageuka, na hadi kinasimamishwa 1975 vilikuwa vimetoka karibu milioni 3.9. Lakini kile kipindi kifupi cha kudoda ndicho kilichompa nafasi bwana mmoja mtaani, mwenye karakana na roho ya mashindano.

Ijumaa, jumba la makumbusho na barabara ya mtoni

Makumbusho ya taifa ya magari, MAUTO, iko kando ya mto Po, mwendo wa miguu kutoka Lingotto. Ni kubwa, ni nzuri, na kwa nia yangu nililipita haraka. Mtu ukipenda magari kwa jumla, tenga siku nzima. Hata ile Itala iliyoshinda mbio za Peking hadi Paris mwaka 1907 iko pale. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi, nikamsimulia shemeji habari za Abarth, maana aliishi mjini kwake muda wote huu na hamjui.

Carlo Abarth hakuzaliwa Mwitaliano. Alizaliwa Vienna tarehe 15 Novemba 1908, jina lake Karl, nyota yake nge, na nembo ya kampuni imetoka hapo. Alianza na pikipiki. Mwaka 1934 alishindana na treni ya Orient Express kutoka Ostend hadi Vienna, yeye akiwa kwenye pikipiki yenye kigari cha pembeni, akaishinda. Vita vikamkuta Yugoslavia. Vilipokwisha akaingia Torino kwenye kampuni ya magari ya mbio ya Cisitalia, ya tajiri Piero Dusio, ambayo haikukaa sana ikafilisika. Abarth akaondoka na magari na vipuri badala ya fedha, na tarehe 31 Machi 1949 akafungua Abarth & C. pamoja na Guido Scagliarini. Mwaka uliofuata Tazio Nuvolari, aliyekuwa jabali wa mbio za Italia na sasa mzee mgonjwa, alikimbia mara ya mwisho maishani mwake kupanda mlima Pellegrino, Palermo, akiwa ndani ya Abarth, akashinda daraja lake.

Sifa zilipatikana. Ila mbio hazijazi sufuria. Kilicholisha watu pale ni sailensa. Ndiyo, sailensa! Walizitengeneza kwa Fiat na kwa magari chungu nzima ya nchi nyingine. Mwaka 1962 pekee walitoa 257,000, nyingi zikaenda nje, na wafanyakazi walikuwa 375. Nilipoisoma takwimu hiyo nilimkumbuka yule mteja wangu, nikajua hakuwa akinikejeli.

“Kwa hiyo ni kama wewe,” shemeji akasema.

“Mimi na yule kijana wangu wa kushika taa ni wawili, shemeji.”

Jioni jirani wa shemeji akatupakia kwenye 500 yake mpya yenye nge, ile ya umeme. Hii ilitangazwa mwishoni mwa 2022 na imeundwa hapa hapa mjini, kiwanda cha Mirafiori: nguvu za farasi 155, betri ya kilowati-saa 42, na kutoka kusimama hadi 100 inachukua sekunde saba. Inakwenda. Tukitoka kwenye taa za barabarani zilizo kandokando ya Po, kichwa kiligonga siti. Lakini jambo lililonishughulisha ni sauti. Gari la umeme halina ekzosi, halina pa kupumulia, kwa hiyo wameifunga spika nje chini ya mwili, nayo inatoa muungurumo ulionakiliwa kwenye Abarth ya petroli. Kampuni inasema ilitumia zaidi ya saa 6,000 kuitengeneza sauti hiyo. Nilishuka nikainama nyuma ya bampa kwa mazoea, kutafuta bomba. Hakuna. Kuna plastiki safi, na sauti inatoka mahali usipopaona. Jirani anafurahi nayo, na kwa nini asifurahi, ni gari zuri. Mimi niliisikia kama rekodi ya mwadhini wakati mwadhini mwenyewe amekaa barazani.

Jumamosi, Mirafiori

Tramu namba 4 inashuka Corso Unione Sovietica moja kwa moja hadi kusini ya mji. Pembeni ni Mirafiori, kiwanda kilichozinduliwa 1939, na ukubwa wake huwezi kuusimulia, unaupita tu kwa dakika kadhaa ukiwa dirishani. Sisi tulikuwa na miadi ya ziara ya kuongozwa pale Heritage Hub, mtaa wa Plava. Lazima uweke nafasi mapema. Hawapokei wa kubahatisha.

Zamani hii ilikuwa Officina 81, karakana ya mitambo ya Fiat. Mwaka 2019 waliifungua kama ghala la kumbukumbu, mita za mraba 15,000, magari zaidi ya 250 ya Fiat, Lancia na Abarth yamepangwa chini ya dari refu la chuma. Hakuna kamba ya kukuzuia isipokuwa adabu yako. Nilichuchumaa nyuma ya kila Abarth iliyokuwa pale, na yule dada aliyetuongoza akaanza kunichunga.

Mkono wa Abarth unajulikana kwa nyuma. Vile vigari vya Fiat 600 alivyovibadilisha kuwa 750, 850 na 1000 vinakimbia boneti la nyuma likiwa wazi, limetegemezwa kwa fimbo. Mtu asiyejua hudhani fundi kasahau kufunga. Kumbe injini inapata hewa ya kuipoza, na lile bati lililonyanyuka linasaidia upepo upite vizuri nyuma ya gari. Kifua cha mafuta chini ya injini ni cha aluminiamu, kikubwa, chenye mapezi, jina limeandikwa humo humo kwa kusubiwa.

Kona moja kuna 131 Abarth ya rali. Fiat walikuwa wameinunua kampuni nzima mwaka 1971, wakaifanya kitengo chao cha mbio, na gari hili likawaletea ubingwa wa dunia wa rali 1977, 1978 na 1980. Nilimwuliza dada kama anajua lilifika kwetu. Hakujua. Safari Rally ya 1979, Markku Alén alimaliza wa tatu na 131 Abarth, lakini aliyeshinda ni Shekhar Mehta wa Kenya, na Datsun. Nilisema kwa sauti kidogo. Mzee mmoja wa Kiitaliano katika kundi letu akacheka akanipa mkono.

Ufufuo wenyewe una tarehe ya kuchagua. Fiat walionyesha gari la mfano, Trepiùno, Geneva 2004, mchoraji mkuu akiwa Roberto Giolito, ambaye baadaye alikabidhiwa idara hii ya urithi. Kisha tarehe 4 Julai 2007, miaka 50 kamili, wakaizindua 500 mpya kando ya Po. Ilichukua tuzo ya gari la mwaka Ulaya kwa 2008. Sasa nitasema la ufundi, wapenzi wasinichukie: hakuna nati hata moja ya 1957 inayoingia humo. Injini imehamia mbele, magurudumu yanayovuta ni ya mbele, kiunzi ni cha Panda, na kiwanda kilikuwa Tychy, Poland. Kilichofufuka ni sura. Sura ikauza.

Nge naye alirudi 2007 kama kampuni inayojitegemea, na mwaka uliofuata 500 yake ikatoka Geneva: injini ya 1.4 yenye turbo, nguvu 135. Hapo ndipo walinifurahisha. Zamani Abarth aliuza nguvu ndani ya kasha la mbao: unapelekewa sanduku, ndani kuna pistoni, kamshafti, kabureta, sailensa, fundi wako anafungua mtaani na kufunga mwenyewe. Mwaka 2008 walirudisha mchezo huo huo. Ukitaka kutoka 135 kufika 160, ulinunua vifaa vya esseesse vikaja kwa kasha la mbao lenye maandishi, kama shehena ya bandarini. Wangeweza kuiandika upya kompyuta ya injini tu wakamaliza. Waliona mteja anataka kupokea sanduku, na walikuwa sahihi.

Baada ya hapo ilikuwa kupanda na bei kupanda, hadi 695 Biposto ya 2014: nguvu 190, kilo 997, siti za nyuma zimeng'olewa. Gari la 1957 lilikosa siti ya nyuma kwa umaskini, hili likakosa kwa utajiri. Abarth ya petroli ya umbo hili ilikoma 2024. Mirafiori sasa imeanza tena kutoa 500 yenye injini, mseto wa petroli na umeme mdogo, tangu mwishoni mwa 2025, lakini ni ya nguvu 65, ya kwenda sokoni. Haina nge.

Jumapili, Garlenda

Tulitoka alfajiri kwa gari la shemeji, tukashika barabara kuu ya Savona, milima ikaisha, bahari ikaonekana. Garlenda ni kijiji nyuma ya Albenga, Liguria. Hapo ndipo kilipoanzishwa chama cha wapenzi wa 500 mwaka 1984, hapo pana makumbusho yao yenye jina la Dante Giacosa, na kila Julai vigari vinajaa kijiji hadi watu wa hapo wenyewe wanatembea upande upande.

Jua kali. Vigari mamia, mapaa ya turubai yamekunjwa, mabibi wamebeba vyakula. Nilitafuta nge, nikakuta wengi, na wengi ni wa kubandika. Hilo wenyewe hawalifichi. Beji ya Abarth inauzwa madukani, na sanduku la vifaa liliuzwa kwa yeyote, kwa hiyo kati ya gari lililobadilishwa na karakana yake na lililobadilishwa na binamu wa mtu kuna ukungu mzito. Wanaojua wanainama kutazama namba.

Mzee mmoja, fundi mstaafu, aliniona nimelala chini ya Abarth 595 yake kabla hata sijamsalimu. Niliinuka nikaomba radhi, nikamwambia kazi yangu. Akaenda buti la mbele, akatoa sailensa ya zamani iliyokatwa ubavuni kwa msumeno, ya kufundishia wajukuu.

Nikaishika. Sailensa ya kawaida ina vyumba na vizuizi. Moshi unaingia, unagonga ukuta, unarudi, unatafuta tundu, na kila unapogonga injini inaulipia. Hii bomba linapita moja kwa moja, limetobolewa matundu madogo mwili mzima, limezungushiwa sufi ya kioo, kisha ganda la nje lenye rangi nyeusi ya mkwaruzo. Moshi haukwami. Ule ukali wa sauti unapotelea ndani ya sufi, ule uzito unabaki. Weld yake ni nyembamba, imenyooka, ya mtu asiyeharakishwa. Nimechomelea vitu vya aina hii kwa bomba la maji na sufi ya friji kuukuu, na sitasema matokeo yalikuwaje, ila matatu za abiria zilisikika.

Akanipakia. 595 ilianza 1963: walichukua injini ya 499.5, wakapanua silinda kutoka milimita 67.4 hadi 73.5, ikawa 593.7, nguvu 27, mwendo 120. Kuna vijiti viwili nyuma ya gia, kimoja cha choki, kingine unakivuta ndiyo starta inashika. Gia hazina sinkronaiza, kwa hiyo kila akipunguza anakanyaga klachi mara mbili na kugusa mafuta katikati, mguu unacheza wenyewe. Goti langu liko kidevuni. Tulipanda kona za milima ya mizeituni kwa 60, na niliapa ni 110. Nyuma ya mgongo wangu ile sailensa inaongea, na kila ukuta wa mawe tunaoupita unatujibu. Mzee alikuwa akipiga kelele kunieleza kitu kuhusu kabureta. Sikusikia neno, nikawa naitikia “sì, sì”.

Jumatatu, Monza

Treni hadi Milano, nyingine hadi Monza, basi, kisha miguu ndani ya bustani kubwa yenye miti. Uwanja wa mbio ni wa 1922. Nilichotaka mimi si ule wa Formula 1. Nilitaka duara la zamani la zege, lililojengwa upya 1955, mzunguko wa kilomita 4.25, kona zake zimeinuka mno hadi juu ya ukingo huwezi kusimama wima. Zege limepasuka, majani yameota viungoni. Nilijaribu kupanda, viatu vikateleza, shemeji akapiga picha ambayo imeshafika kwa dada yangu.

Hapa Februari 1958, tarehe 13 hadi 20, Abarth alileta 500 aliyoichezea na akaiacha izunguke siku saba usiku na mchana, madereva wakipokezana. Saa 168. Kilomita 18,186, wastani wa 108 kwa saa, rekodi sita za kimataifa. Kumbuka ile ya dukani haikupita 85. Piga hesabu ya mizunguko, inazidi 4,200, kwa injini ya silinda mbili, ndani ya baridi. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena kile ni kigari cha wasiojiweza, na Fiat ikakubali kumlipa Abarth kwa kila ushindi atakaoleta na magari yake. Tangazo la bei rahisi kuliko yote waliyowahi kulipia.

Yeye mwenyewe alirudi hapa Oktoba 1965, akikaribia miaka 57, kuweka rekodi kwa mkono wake. Kiti cha lile gari kilikuwa chembamba kuliko yeye. Akapunguza kilo 30, akila matufaha, akaingia, akaendesha, akapata.

Nimeulizwa na wenzangu wa gereji kwa simu kama hii kitu inaweza kufika Kenya, basi wasome hapa. Za zamani zina usukani wa kushoto karibu zote, achaneni nazo. Zile za kizazi kipya, 500, 595 na 695 za petroli, ziliuzwa Japani na Uingereza zikiwa na usukani wa kulia. Kwa sheria yetu ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane, hata za mwisho kabisa, za 2024, mlango wake utafungwa 2031. Ziko chini, tairi ni nyembamba ya ubavu, na shokapu zake ni ngumu. Kutoka Mombasa hadi Kilifi sawa, kuingia vichochoro vya Malindi mvua ikinyesha utalia. Ya umeme siwashauri, labda mwenye sola kubwa nyumbani. Na atakayeileta ya petroli asinipigie kuniambia ekzosi yake ina kelele. Ndivyo ilivyo.